Kanga si modi, jamani

Kuna slaidi inayozunguka vyuoni mwaka nenda mwaka rudi: "Modi za mawasiliano: redio, runinga, simu, bango, kanga." Inanukuliwa kwenye tasnifu, tasnifu inapita, mtu anavaa joho. Haya, hongera.

Kanga ni chombo: kitambaa cha pamba cha kama mita 1.5 kwa 1.1, kimepigwa chapa. Modi ni nyenzo za kuundia maana ambazo jamii imezizoea na kuziwekea taratibu, na juu ya kitambaa hicho zimekusanyika kadhaa. Jina, yaani yale maneno ya kanga, ni maandishi. Maua ya mji, ile sehemu ya kati, ni picha. Rangi nayo ipo, na mpangilio: pindo limezunguka, mji uko katikati, jina limekaa chini ya mji. Kisha inavaliwa, na mwili unaingia kwenye mazungumzo.

Ukiiita kanga modi, huna tena swali la kuuliza. Chukua "Mdhaniaye ndiye kumbe siye". Maneno hayamtaji mtu. Mlengwa anajulikana kwa mwili: nani kaivaa, kapita mlango wa nani, kampa nani mgongo. Jirani akija juu, mvaaji anajibu kwamba yeye kapenda maua tu. Na humkamati, maana maua yapo kweli! Maandishi yanachoma, picha inatoa kisingizio, mwili unachagua wa kuchomwa. Orodha ya modi haitakuonyesha hilo hata ukiipigia mistari.

Jaribu hivi. Piga picha ya mvaaji, funika jina kwa karatasi, waulize watu wanaona nini. Rudisha jina, igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe, uliza tena. Kisutu, kanga ya harusi, kitakutoa jasho: vingi havina jina, lakini nyekundu, nyeusi na nyeupe zinatosha kumtangaza bi harusi.

Kwa video tumia ELAN, programu ya bure ya kuandikia maelezo ya video, ya Taasisi ya Max Planck, Nijmegen. Weka safu ya maneno, ya macho, ya mikono, ya nguo. Wengi wanaharibu kwa kuandika maneno kwanza, halafu wanachomeka ishara chini yake. Zima sauti, andika mikono kwanza. Mkono mara nyingi huanza kunyanyuka kabla ya neno lake kutamkwa. Ukiubandika kwenye neno, umeshapoteza mfuatano.

Sawa, mipaka ya modi ina utata. Kress na van Leeuwen, wataalamu wa semiotiki (elimu ya ishara na maana), mwaka 2002 waliandika makala kutetea tu kwamba rangi inaweza kuwa modi, na mjadala haujaisha. Lakini hawakuweka redio kwenye orodha.

Na nyie wa "asilimia 93 ya mawasiliano si maneno": namba hiyo inatoka kwa mwanasaikolojia Mehrabian na wenzake, ambao mwaka 1967 walipima namna watu wanavyokisia hisia, kwa neno mojamoja lililorekodiwa na picha za nyuso. Basi. Ingekuwa ni mawasiliano yote, ma-DJ wanaotafsiri filamu wangekuwa wamefunga vibanda zamani.