Kikoi Kwenye Jiliwa

Mlango wa mama mkwe wangu pale Kibokoni, Mombasa, ni wa mvule, na masika yakianza huvimba kama mtu aliyenuna. Kuufungua sharti uupige bega, kuufunga, teke. Dawa yake ni kuupiga randa ukingo wa chini, kazi ndogo kwa seremala yeyote. Mimi nikajitia kimbelembele: "Mama, usitupe pesa. Mkweo nipo."

Jeuri hiyo ilitoka kwenye meza ya useremala ya kukunja, mtumba, niliyoinunua Mwembe Tayari. Ukiikunja waibeba kwa mkono mmoja. Ukiikunjua, ina miguu ya chuma na mbao mbili juu, nazo ndizo jiliwa lenyewe: wazungusha mipini miwili, mmoja kulia mmoja kushoto, na ubao wa mbele wasogea kumbana mwenzake. Nilimsimulia mama hadi asili yake. Ron Hickman, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa mbunifu wa magari ya Lotus huko Uingereza, mwaka wa 1961 alikuwa akijitengenezea kabati la nguo. Akageuza kiti cha thamani kuwa meza ya kukatia mbao, na msumeno ukapitiliza hadi kwenye kiti. Ndipo akabuni meza hii. Kampuni zikamkatalia moja baada ya moja, mpaka miaka ya 1970 Black & Decker ikaikubali, nayo ikauzwa kwa mamilioni.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na kile kiti?"

Jumamosi saa tano nikafika nimejifunga kikoi kipya, zawadi yake mwenyewe ya Idi. Nikaung'oa mlango kwenye bawaba, nikauegemeza ukutani. Mwenye akili angeanza na meza, lakini haya.

Muuzaji alikuwa amenipa mipini ikiwa imetengwa na meza, imefungwa kwenye gazeti pamoja na skrubu zake. Nikaichomeka, ikaingia vizuri. Skrubu mbili zikabaki. Nikasema hizi ni za akiba.

Miguu ya chini ilikuwa imeshikwa na kutu, ikagoma kukunjuka, basi meza ikabaki kimo cha mapaja. Kichochoro nacho kimeinamia mtaroni, mguu mmoja ukawa waelea. Nikauwekea kigae, kikapasuka. Nikavua ndara moja, nikauwekea hiyo.

Barazani walikuwepo wazee watatu na kahawa yao.

"Yakhe, hicho ni kitanda cha mgonjwa?"

"Mgonjwa mwenyewe ndiye huyo."

Sikuwajibu. Nikachukua kipande cha ubao nijaribu kubana. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika ubao, kwa hiyo nikazungusha mpini wa kulia peke yake, huku nikiisukuma meza kwa mapaja isihame. Nikakaza. Nikakaza tena, kwa ajili ya wale wazee. Kisha nikarudi nyuma niitazame kazi yangu. Nikarudi mimi, kikoi hakikurudi.

Nikadaka fundo upesi, hamdulillahi. Nikaushika mpini nilegeze, nao ukanifuata mkononi, ukaniponyoka, ukabingirika mtaroni. Hapo nikajua zile skrubu mbili zilikuwa za nini.

Ukabaki mpini wa kushoto. Nikaulegeza, ubao ukaenda upogo, upande wa kulia ukazidi kuuma. Meza hizi zimetengenezwa hivyo makusudi, kila upande ujiendee wenyewe, ili zibane hata mti usiolingana unene. Ni sifa kubwa, na wakati huo ilikuwa imenishika kando ya paja.

"Weye wafanyani hapo?" Mama mkwe, katoka Marikiti na kikapu chake.

"Napima, mama."

"Wapima nini umejifunga kwenye meza?"

Wazee waliweka vikombe chini. Dirisha la juu likafunguka, na la pili. Nikaona bora niingie ndani na aibu yangu. Nikainyanyua meza kwa mikono miwili, nikaenda upande upande kama kaa, ndara mguu mmoja, mpaka nikavuka kizingiti. Nikageuka nifunge mlango. Mlango ulikuwa nje, umeegemea ukuta.

"Lete mkasi," mama akamwambia mjukuu wake.

"Mama, hiki ni kikoi ulichoninunulia wewe."

"Nakijua. Na bei yake naijua. Mzungu wako kakata kiti, nami nakata kikoi."

Akakata. Kisha akanirushia leso nijisitiri, na kwa haraka zangu sikusoma jina lake. Wazee walilisoma nilipotoka kuufuata mpini mtaroni, wakalisoma kwa sauti, kwa zamu: *Mdhaniwa ndiye kumbe siye.*

Seremala aliitwa baada ya adhuhuri. Akatia skrubu zangu za akiba mahali pake, akamwagia miguu mafuta, ikakunjuka, na kabla ya alasiri mlango ulikuwa umerudi kwenye bawaba, wafungwa kwa kidole. Akaipapasa ile meza. "Nzuri hii. Niazime mpaka Jumatatu."

Huu ni mwezi wa tatu, na mama mkwe kanikataza kumdai. Juzi nilipita karakanani kwake nikamkuta anaifanyia kazi, miguu yote imekunjuka, na pembeni kaning'iniza kipande cha kikoi changu. Anafutia randa.