Nilibisha Hodi Poti 9100

Naona rafiki yangu keshawatangazia kwenye magrupu kwamba nimedukua ofisi. Sijadukua kitu jamani, bosi mwenyewe ndo aliniambia nipitie mtandao wetu nijue kila poti iliyo wazi (mlango wenye namba ambao programu husikilizia) ina programu gani na toleo gani.

Skripti ya soketi (kaprogramu ka Python kanakoongea moja kwa moja na poti) mnaijua, haina maajabu, unaunganisha, unaita recv(1024) upokee hadi baiti 1024, unasoma bango, yaani salamu ambayo programu inajitambulisha nayo. SSH, ya kuingilia kompyuta ya mbali, haina hiyana, ukifika poti 22 inajitaja yenyewe SSH-2.0 na toleo lake, FTP ya mafaili na SMTP ya barua pepe zinakupokea na 220, namba ya kusema niko tayari. Kasheshe ni mabubu, zile zisizoanza kusema. Poti 80, ya tovuti, usipoanza wewe mtatazamana mpaka taimauti, muda wa kusubiri uishe, ndo maana mabubu unawarushia neno, hata upuuzi, wengi watakujibu kwa kosa na humo humo wanajitaja. Wastaarabu hurusha ombi la kawaida la tovuti, HEAD / HTTP/1.0. Mimi nikajifanya mchekeshaji.

Basi niko kona ya chumba cha mikutano nalinda projekta, bosi ana wageni, skripti inatembea. Ikakuta poti 9100. Imeunganishwa, kimya. (Mnaojua 9100 naomba mnyamaze, acheni wenzenu wafike wenyewe.)

Nyuma ya wageni printa ikaamka. Ikakohoa, ikavuta karatasi taratiiibu, ikaitema uso chini. Mama mmoja mtu mzima aliyekaa karibu akaiokota, akaigeuza, akatafuta miwani, akaivaa, akasoma kwa sauti:

"Hodi humu ndani."

Kimya. Ikaja ya pili.

"Nijibu, najua upo."

Mama akasogeza kiti. Bosi anacheka kicheko cha kuomba msaada. Mimi huko kona nabonyeza Ctrl+C ya kusimamisha skripti kama napiga kinanda, haisimami, maana nilikuwa nimeandika except: tupu, ile amri ya kukamata makosa inayomeza kila kitu mpaka Ctrl+C yenyewe, inaimeza halafu inaendelea na neno linalofuata!

"Mlango uko wazi, nasikia unapumua."

Na chini yake sahihi, tena sio chini pembeni, mstari wa pili umeanzia pale wa kwanza ulipoishia kwa sababu niliweka \n (shuka mstari) bila \r (rudi kushoto), unaning'inia huko kulia kama umejinyonga: Fundi Makini.

"Mwanangu," mama akamgeukia bosi, "huyu Fundi Makini ni nani?"

Wenzangu wote wakanigeukia. Wote yaani, hata mmoja asinifiche.

Ndo hivyo wadau, 9100 ni poti ya printa, ukiirushia chochote inachapa, hata Nmap, programu ya kukagua mitandao, kwenye -sV (kutambua matoleo) huwa inairuka kwa sababu hiyo hiyo. Nikachomoa waya ukutani. Poti nimeiweka kwenye orodha ya kurukwa, except imekuwa except OSError, inayokamata makosa ya mfumo na mtandao tu, mkutano umesogezwa mbele, na mama ameomba chumba kisicho na printa.