Mti Mtupu Si Nkisi

Kila nisomapo kwa Kiswahili habari za michongo ya waganga wa Kongo, hukutana na neno lilelile: sanamu. Neno hili limetufikia na hukumu yake mkononi, kwa kuwa masikioni mwa Mwislamu na Mkristo sanamu ni kile kinachoabudiwa badala ya Mungu, na msomaji akishalisikia haoni haja ya kuuliza kitu hicho kilikuwa na kazi gani. Nadhani hapo ndipo tulipoteleza.

Chukua katatora ya Waluba wa Katanga. Ni kifaa cha mti cha kushikwa mkononi, juu kina kichwa cha mwanamke, na chini ya kichwa kuna uwazi wa kupenyeza vidole. Mpiga ramli na mteja wake huketi karibu, kila mmoja akaingiza vidole vyake katika uwazi huohuo, kisha kifaa huteleza juu ya mkeka au kigoda huku maswali yakiulizwa. Mwendo wake ndio jibu, na ramli hiyo huitwa kashekesheke. Hakuna anayekipigia magoti. Mwenye shida amekishika sawa na mtaalamu, jambo ambalo naliheshimu sana, maana mgonjwa wa siku hizi aghalabu hupewa majibu yake kwenye karatasi asiyoweza kuisoma.

Kwa jirani zao Wasongye, mchongaji humaliza kazi yake na bado nkishi, yaani mchongo wenye nguvu ya uganga, haijawa nkishi. Anayeifanya iwe hivyo ni nganga, ambaye ni mganga wetu huyuhuyu kwa jina la kwao, anapotia tumboni mwa mchongo huo, au katika pembe iliyochomekwa utosini, mchanganyiko wa vitu vya mimea na wanyama uitwao bishimba. Zile kubwa, zilizokuwa za kijiji kizima, hazikuguswa kwa mikono mitupu. Zilibebwa kwa fito zilizofungwa kwenye mikono ya michongo yenyewe. Msomaji wa pwani hapaswi kulishangaa hili. Sisi tuna hirizi, na hatusemi kwamba tunaabudu ngozi iliyoshonewa maandishi. Tuna tunguri pia, ambayo bila dawa ni kibuyu tu.

Kwa Bakongo, upande wa magharibi, mambo yalieleweka vibaya zaidi. Nkisi, ambayo ni nkishi kwa matamshi yao, ya aina ya nkondi ina misumari na vipande vya chuma mwili mzima, na wageni wengi walipoiona walidhani kila msumari ni mtu anayechomwa kwa mbali. Kumbe mara nyingi msumari ulikuwa kiapo. Watu waliogombana wakipatana, au wakiwekeana ahadi, chuma kilipigiliwa mbele ya mashahidi ili nkisi iamke na kumwandama atakayevunja neno. Jina nkondi lenyewe linatokana na kitenzi cha kuwinda. Anayeitazama leo, akiwa na subira, anatazama jalada la mashauri ya baraza, isipokuwa waliojua kila msumari ulikuwa wa kesi ipi hawapo tena.

Mojawapo ilikuwa ya Ne Kuko, chifu wa Boma, mji ulio kando ya mto Kongo, hadi mwaka 1878, mfanyabiashara Mbelgiji Alexandre Delcommune alipoitwaa katika uvamizi. Sasa imo katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels. Mwezi Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji aliipeleka Kinshasa kakungu, barakoa ya Wasuku, kabila jingine la Kongo, kwa mkopo usio na ukomo. Kwa mkopo! Mtu anaazimwa kilicho chake.

Mimi ni miongoni mwa wanaotaka vitu hivi virudi, lakini sitaki virudi vikaitwe sanamu kwa lugha ya Kiafrika, wala kusifiwa kwa uzuri wa mkono wa mchongaji peke yake, kana kwamba nganga hakuwapo. Nkisi nyingi zilizoko Ulaya zina shimo tumboni, kwa sababu dawa iliondolewa, pengine na nganga mwenyewe kabla hajaiachia iende. Siku zitakaposhushwa Boma, ningependa wazee wa pale waulizwe kwanza, kabla ya mtu yeyote kuandika kibandiko cha kabatini: shimo lile lijazwe, au liachwe wazi?