Waamish Wanakuja Sokoni Kuuza, Hawaji Kutazamwa

Wabongo wenzangu wa huku Pennsylvania, leo tutagombana kidogo. Ile video iliyozunguka kwenye grupu, ya binti wa Kiamish, wale Wakristo wa hapa wanaoishi kwa mila za kale, akifunga pai mezani kwake pale Green Dragon, soko la Ephrata, imenichefua. Mpigaji wetu anasogeza simu hadi karibu na kile kikofia cheupe, anacheka, anasema, "Oneni Wazungu wa kijijini, hata umeme hawana!" Binti anageuza uso. Simu inamfuata. Anainama chini ya meza kama anayetafuta mfuko. Simu inamsubiri ainuke. Humo kwenye grupu vikaragosi vya kucheka vikamiminika, na baadhi ya walioviweka ni wazee wa kanisa.

Sasa hapo cha kuchekesha ni kipi?

Maana ni sisi hawahawa tunaopandisha mori tukisikia mtalii kamwelekezea kamera mama wa Kimaasai pale Karatu bila hata salamu, au kaingia kambi ya Wahadzabe kule Eyasi akapiga picha watoto wa watu kama anapiga swala. Tunaandika aya ndefu zenye hasira, na tunaandika haki tupu. Kisha tunapata kigari cha mkopo, tunashuka Ephrata Ijumaa asubuhi, na ghafla watalii ni sisi. Tumepungukiwa kofia ya pama tu.

Hawa watu kujipanga mbele ya kamera wanakukataa kwa sababu ya dini. Wanasoma Kutoka 20, "usijifanyie sanamu ya kuchonga", na kwao mtu kujionyesha sura ni majivuno. Unaweza kuona ni ushamba. Mimi mwenyewe kabati langu limejaa albamu za harusi, za kwangu na za watu. Lakini msikitini unavua viatu hata kama wewe binafsi huoni ubaya wa viatu, na hakuna aliyewahi kufa kwa kuvua.

Haya, najua mtasema wanafaidi utalii. Wanafaidi, tena sana: blanketi za viraka zinauzwa kwa bei ya kukuondolea usingizi, na wapo wanaowapandisha wageni kigari cha farasi kwa dola. Wapo pia vijana wao ambao bado hawajabatizwa, wanatembea na simu na hawana habari na kamera yako. Nakubali. Ila yule binti aligeuza uso. Ulitaka aandike barua?

Halafu hilo la umeme! Jamaa angeshusha simu kidogo angeona friji za nyama zinanguruma nyuma ya soseji, na mashine ya kadi kwenye meza ya jirani. Nyumbani ndiko wasikojiunga na nyaya za umeme wa serikali na makampuni. Wanatumia betri, gesi, siku hizi hata sola, na kwenye karakana mashine zinaendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa na injini ya dizeli. Gari hawamiliki, ila wanakodi dereva awafikishe sokoni. Kitu kipya kikija, kanisa la mtaa linakaa, linauliza kitatufanya nini sisi na watoto wetu, ndipo linaamua. Unaweza kuyacheka maamuzi yao, mengine hata mimi siyaelewi. Lakini kuwaita watu waliobaki nyuma ilhali wana kikao na sisi hatuna? Kwangu simu janja iliingia bila kikao chochote, na sasa chakula cha jioni tunakula kila mtu na kioo chake.

Na sisi wa Mara ndio wa mwisho kuwashangaa. Hawa Waamish walijitenga na Wakristo wenzao, Wamennonite, mwaka 1693, wakimfuata kiongozi wao Jakob Ammann, na ni Wamennonite wa hapahapa Lancaster waliofika Shirati, kwetu Mara, kama wamisionari mwaka 1934. Wangapi kwenye grupu letu walizaliwa hospitali yao ya Shirati? Mnacheka binamu za mkunga wenu.

Siku hiyohiyo ya video nami nilikuwa pale sokoni, na upande wa mnada wa wanyama wadogo nilimkuta mama mmoja Mkongo, nadhani wa Uvira, amesimama na mzee wa Kiamish mwenye ndevu bila masharubu. Katikati yao tenga la kuku waliochoka kutaga. Mama anampapasa kuku kifuani, anatikisa kichwa, anaonyesha vidole. Mzee anaangalia juu, anatafuna kitu, anaonyesha vidole vyake. Mama anacheka, anageuka kama anaondoka. Mzee anamwongezea jogoo mwembamba. Biashara imekwisha, wameshikana mikono. Mama akaniona natazama, akaniambia, "Ndugu yangu, kuku hii iko ya mchuzi, haiko ya friji." Kiswahili chake na Kijerumani cha yule mzee havijawahi kukutana popote, na bei ilieleweka hadi senti.

La shule linanikera na sitaremba. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Wisconsin na Yoder, iliwaruhusu wazazi wa Kiamish kuwatoa watoto shule baada ya darasa la nane. Yule binti wa pai alikuwa anapiga hesabu za chenji kichwani haraka kuliko mimi na kikokotoo. Angeweza kuwa mhasibu wa kutisha, na huenda hakuulizwa. Mkitaka kuwasema Waamish, hapo nipo nanyi, leteni hoja tubishane. Kikofia si hoja.

Kwenda, nendeni. Green Dragon ni Ijumaa tu. Fikeni mapema, maana tufaha nzuri huondoka asubuhi. Bebeni noti ndogo ndogo. Salimieni kwanza, ndiyo, hata Wazungu husalimiwa. Na mwenye kuwashwa mkono kwa picha, msimu huu maboga yamejaa hadi nje ya soko, apige hayo.