Ruth Page na Watunzi Aliowapa Jukwaa

Mimi nilimfahamu Ruth Page kwa njia ya kuzunguka. Nilikuwa nikisikiliza muziki wa William Grant Still, mtunzi Mweusi wa Marekani aliyezaliwa Mississippi mwaka 1895, nikakuta kwamba kazi yake iitwayo La Guiablesse ilitungwa iwe baleti, na kwamba aliyemwandalia hadithi alikuwa Page, mchezaji na mtunzi wa dansi wa Chicago ambaye jina lake sikuwahi kulisikia. Tangu hapo nimekuwa na maoni ambayo wapenzi wengi wa baleti niliozungumza nao hawayakubali: kwamba mtunzi wa dansi asipimwe kwa miondoko aliyoibuni peke yake, kwa kuwa miondoko huondoka na waliocheza, bali apimwe pia kwa muziki ambao usingepata jukwaa lolote kama yeye asingeutafuta. Kwa kipimo hicho, Page ni mkubwa kuliko vitabu vingi vya historia ya dansi vinavyomkadiria.

Alizaliwa Indianapolis mwaka 1899, na mwaka 1918 alikuwa tayari amesafiri Amerika ya Kusini na kundi la Anna Pavlova, mchezaji baleti mashuhuri wa Urusi. Mwaka uliofuata alicheza Chicago katika baleti ya Adolph Bolm, mtunzi wa dansi kutoka Urusi, iliyotungiwa muziki na John Alden Carpenter, mfanyabiashara wa mji huohuo ambaye alikuwa akiandika nota baada ya kufunga hesabu za kampuni ya familia yake. Nataja jambo hili kwa sababu nadhani ndipo msichana yule alipojifunza kwamba muziki wa baleti haulazimiki kuagizwa kutoka Paris au Urusi. Anayeutunga anaweza kuwa jirani. Hata hivyo Ulaya aliijua vizuri. Mwaka 1925 alicheza na kundi la baleti la Mrusi Diaghilev, na kijana aitwaye George Balanchine, ambaye bado hakuwa na jina ingawa baadaye alikuja kuwa mtunzi mkubwa wa baleti huko New York, akamtungia dansi fupi.

Tuirudie La Guiablesse. Hadithi yenyewe imetoka katika ngano za kisiwa cha Martinique, na msomaji wa pwani yetu ataitambua mara moja, kwa kuwa ni dada wa zile hadithi tulizotishiwa nazo utotoni za mwanamke mrembo wa kupindukia ambaye, ukimtazama chini ya baibui, ana kwato. Mrembo huyu wa Martinique ni jini. Humvuta kijana amwache mchumba wake, amfuate mlimani hatua kwa hatua hadi ukingoni mwa genge, na huko kijana hufia. Still hakuuandika muziki wa kutisha tangu mwanzo, na hapo ndipo ninapouona ustadi wake. Kuna sehemu ndefu tulivu, zenye joto la mchana na uvivu wa kijijini, kiasi kwamba msikilizaji naye huanza kumfuata mwanamke yule kabla hajajua kwamba amepotea.

Page aliipandisha jukwaani Chicago mwaka 1933, wachezaji wote wakiwa Weusi isipokuwa yeye, aliyejipa nafasi ya lile jini. Hapa sitaki kumpamba. Mwanamke Mzungu aliyejitengea nafasi kuu katikati ya kundi la Weusi, katika hadithi ya Weusi na muziki wa mtunzi Mweusi, anastahili kuulizwa maswali, na sioni sababu ya kuyazima kwa kusema tu kwamba zama zilikuwa hizo. Lakini haki ituelekeze pia kutazama kilichofuata. Miongoni mwa wachezaji wale alikuwamo kijana wa miaka ishirini na kitu aitwaye Katherine Dunham. Baleti iliporudiwa mwaka 1934, nafasi ya jini aliichukua Dunham. Muda mfupi baadaye Dunham alikwenda visiwa vya Karibi kufanya utafiti wa kianthropolojia, akafika Martinique yenyewe, na mwaka 1938 akaonyesha Chicago baleti yake mwenyewe iliyosimulia maisha ya kisiwa hicho.

Mwaka huohuo wa 1933, tarehe 15 Juni, Okestra ya Simfonia ya Chicago ilipiga simfonia ya mtunzi Florence Price, na kwa hiyo akawa mwanamke Mweusi wa kwanza wa Marekani kupigiwa simfonia na okestra kubwa. Mtu angedhani kwamba baada ya mwaka kama huo milango ingebaki wazi. Badala yake, maandishi mengi ya Price yalikuja kukutwa mwaka 2009 katika nyumba mbovu iliyoachwa, huko St. Anne, Illinois. Okestra humpa mtunzi dakika arobaini za usiku mmoja kisha humsahau. Baleti inampa mazoezi ya wiki kadhaa, ambamo watu wanauhesabu muziki wake kwa miguu, wanaulalamikia na kuuimba wakiwa njiani kurudi nyumbani, mpaka uwe mali yao.

Mwaka 1934 Page alimpa kazi mtunzi wa muziki Aaron Copland, ambaye umaarufu wake wa baleti ulikuwa bado mbali. Baleti yao, Hear Ye! Hear Ye!, ni kesi ya mauaji katika klabu ya usiku, ambamo kila shahidi anatoa maelezo yake na tukio linachezwa upya kama alivyolisimulia. Wazo hilo lilimfaa Page, kwani mumewe alikuwa mwanasheria. Leo Copland anajulikana duniani kote, lakini kazi hii karibu haichezwi, jambo linaloonyesha kwamba hata mtunzi mashuhuri ana watoto wasiotambuliwa.

Ninayoipenda kuliko zote ni Frankie and Johnny ya mwaka 1938, ambayo Page aliitunga pamoja na mchezaji mwenzake Bentley Stone chini ya mpango wa serikali wa kuwaajiri wasanii wakati wa mdororo wa uchumi. Muziki ni wa Jerome Moross, aliyekuwa bado hajatimiza miaka 25. Frankie anamuua mpenzi wake Johnny kwa usaliti, na kisa chote kinaimbwa na wanawake watatu wa Jeshi la Wokovu wanaosimama kando kwa uso wa uchaji. Mwishoni, wanawake walewale wanajiburudisha kwa bia msibani. Moross anachanganya mdundo wa baa na wimbo wa kanisani bila kumkejeli yeyote, na okestra yake inatembea kwa mikogo kama mtu aliyelipwa mshahara leo. Baleti ilipofika New York mwaka 1945 ilizua zogo la maadili. Moross mwenyewe, wanaomkumbuka humkumbuka zaidi kwa muziki wa filamu ya The Big Country ya mwaka 1958.

Nitaambiwa kwamba Balanchine naye aliwatumikia watunzi wa Marekani, na ni kweli: Ivesiana kwa muziki wa Charles Ives, na Tarantella ya mwaka 1964 kwa muziki wa Louis Moreau Gottschalk, ni kazi ninazozistahi. Lakini Ives alifariki Mei 1954 na Ivesiana ikaonyeshwa Septemba. Gottschalk alikuwa kaburini tangu 1869. Kumfufua marehemu ni kazi njema, ila marehemu hadai malipo, hachelewi kuleta nota, wala hagombani nawe mazoezini kuhusu kasi. Page aliwachagua walio hai, wengine vijana wasio na jina, na alifanya hivyo katika mji ambao wakosoaji wa New York waliupitia wakiwa kwenye treni.

Page alifariki Chicago mwaka 1991. Filamu zake zimehifadhiwa katika hifadhi ya filamu ya mji huo, na kituo cha sanaa chenye jina lake bado kinafundisha baleti huko. Nota za Still zipo, za Moross zipo, na wachezaji wapo mtaa wa pili. Okestra ya mji ule inajua simu ya kumpigia nani.