Ignaita Iliyofungwa Kavu Haijafungwa

Gari langu la zamani, la miaka ya 1990 na lenye distribyuta (kifaa kinachozigawia plagi umeme), lilikuwa na tabia moja kwa muda wa miezi miwili: asubuhi liliwaka mara moja, lakini likikaa kwenye foleni ya mchana lilizima ghafla, na halikuwaka tena mpaka injini ipoe. Nilibadilishiwa plagi, kisha koili inayokuza umeme wa plagi, kisha pampu ya mafuta, na kila mara niliambiwa kwamba sasa limepona. Kumbe kilichokuwa kikizidiwa na joto ni ignaita, ambayo fundi alikuwa ameifunga ikiwa mpya muda mfupi kabla ya hapo. Nilipoifungua mwenyewe, kitako chake cha bati kilikuwa na alama za mgusano pembezoni mwa skrubu tu. Katikati palikuwa na vumbi na mabaki ya grisi ya beringi yaliyokauka kama lami. Kijifuko cha pesti ya kupitisha joto kilichokuja nayo kilikuwa bado ndani ya boksi, hakijachanwa.

Ninaamini kwamba fundi anayefunga ignaita bila pesti ya kupitisha joto hajamaliza kazi, hata kama gari limewaka na mteja ameshalipa. Ignaita ni swichi ya transista inayounganisha na kukata umeme wa koili, nao mara nyingi ni mkondo wa ampea tano na zaidi, na kila inapofanya hivyo sehemu ya nguvu hugeuka kuwa joto ndani ya kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha. Kwa kawaida kipande hicho hakitakiwi kuzidi nyuzi 150 hivi za Selsiasi, ilhali maji ya injini peke yake hufika karibu nyuzi 90. Mbaya zaidi ni dakika zile baada ya kuzima gari: feni imesimama, maji hayazunguki, na joto la injini linapanda chini ya boneti.

Joto la ignaita lina njia moja kuu ya kutokea, nayo ni kitako cha bati. Hata bati mbili zilizosagwa vizuri hazigusani kila mahali. Kati yake hubaki hewa, na hewa hupitisha joto vibaya kuliko aluminiamu kwa mara elfu kadhaa. Pesti huishinda hewa kwa mbali lakini haiifikii aluminiamu, na ndiyo maana wanaoipaka kama siagi kwenye mkate wanakosea pia. Safisha pande zote mbili, paka utando mwembamba unaotosha kuziba mianya, kisha kaza skrubu.

Watengenezaji wenyewe walilifahamu jambo hili. Katika miaka ya 1980 Ford waliifunga ignaita yao, iliyoitwa moduli ya TFI, ubavuni mwa distribyuta, mahali penye joto kali, na baadaye kwenye magari mengi wakaihamishia mbali na injini, juu ya kipoza joto cha aluminiamu.

Hata hivyo, pesti si dawa ya kila ugonjwa. Koili yenye ukinzani mdogo kuliko ule uliopangwa huvuta mkondo mkubwa, na ignaita itaungua tu hata ukiipaka vipi. Wenye magari mapya, ambayo kila plagi ina koili yake juu, wasichukue pesti hii wakapaka ndani ya mpira unaofunika plagi. Pale hutakiwa grisi ya silikoni isiyopitisha umeme, na baadhi ya pesti za prosesa za kompyuta zina unga wa metali, ambao unaweza kuupa umeme wa plagi njia ya kutorokea kwenye bati la injini.

Mimi sasa naweka tyubu ya pesti nyeupe ya silikoni kwenye droo ya gari, karibu na bisibisi, na nikienda gereji naitoa kabla fundi hajaanza kufungua kitu. Wa mwisho aliniuliza kama ni dawa ya meno.