Mlango ukifungwa, hewa iwashwe

Wiki iliyopita tulikaa ndani ya ndege Dar, jua la saa nane, mlango umefungwa, matundu ya hewa juu ya vichwa vyetu kimya. Watoto wanalia. Safu ya nyuma kuna kaka anakohoa kikohozi kizito cha kifuani. Mama mmoja aliyekuwa akijipepea kwa kadi ya maelekezo ya usalama akamwuliza mhudumu, "Mwanangu, hewa vipi?" Akajibiwa kwa upole, "Tuvumilie kidogo mama, tunasubiri ruhusa ya kuruka." Simlaumu binti yule, naye alikuwa akivuta hewa ileile. Hasira zangu ni kwa waliofanya hali hiyo ionekane ya kawaida.

Ukilalamikia hewa ya ndege, utaambiwa habari za vichujio vya HEPA. Haya, nakubali. Ndege ikiwa angani, hewa yake ni safi kuliko ya daladala yoyote: karibu nusu inaingizwa kutoka nje, inayobaki inazungushwa kupitia vichujio vinavyonasa asilimia 99.97 ya chembe ndogo, na hewa yote hubadilishwa mara 20 hadi 30 kwa saa. Lakini mfumo huo unahitaji nguvu. Lazima injini ziwe zinawaka, au ile injini ndogo ya mkiani, au mashine ya hewa iletwe kutoka nje. Zima vyote hivyo, na watu zaidi ya mia moja wanabaki wakipumuliana usoni.

Madhara yake yanajulikana tangu zamani. Machi 1977, Boeing 737 iliyokuwa Homer, Alaska, ilipata hitilafu ya injini ikijaribu kupaa. Ilikaa chini saa tatu hivi, mfumo wa hewa haufanyi kazi, abiria wengi wakisubiri humohumo. Mmoja wao alikuwa ameanza kuugua homa ya mafua. Katika siku tatu, asilimia 72 ya abiria walikuwa wameugua, na waliokaa ndani muda mrefu zaidi ndio walioathirika zaidi. Mgonjwa mmoja tu! Sisi tunaosafiri katika nchi ambazo kifua kikuu bado kinaua jirani zetu, tunaweza kweli kuambiwa tuvumilie kidogo?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake kuhusu kifua kikuu na safari za anga, linataka ndege isikae na abiria zaidi ya dakika 30 bila hewa ya kutosha. Dakika 30. Najua injini ya mkiani inakunywa mafuta, kilo 100 hivi kwa saa kwa ndege ya ukubwa wa Boeing 737, na mafuta ni ghali. Basi tushusheni, au msitupakie mpaka ruhusa ipatikane. Mzee mwenye pumu au mtoto mwenye seli mundu hawezi kulipia akiba hiyo kwa mapafu yake.

Yapo mengine: ukavu wa hewa unaokausha koo, na mvuke wa mafuta ya injini unaoingia ndani mara chache, ambao marubani na wahudumu wa Ulaya wameupigia kelele miaka mingi. Hayo yanahitaji mafundi na watafiti. Hili la ndege iliyosimama linahitaji mtu wa kubonyeza swichi, au wa kufungua mlango.

Nataka dakika hizo 30 ziandikwe kwenye masharti ya tiketi, kwa Kiswahili, sehemu ambayo abiria ataiona. Na wewe ukifungiwa, tazama saa. Muda ukipita, mwite mhudumu, mwombe kwa heshima amfikishie rubani kwamba abiria wanataka hewa au mlango. Ukifika, waandikie mamlaka ya usafiri wa anga: TCAA kama uko Tanzania, KCAA kama uko Kenya. Taja namba ya safari, saa mlango ulipofungwa na saa hewa ilipowashwa.